Kansere: kimya cha waganga ndicho kinachowapa soko wauza oksijeni

GOMA, Kivu ya Kaskazini – Oksijeni haiponyeshi kansere. Muganga anayejua jambo hilo na hasemi, na mfanyabiashara asiyejua lolote na anasema kila siku, wote wawili wanamuumiza mgonjwa yuleyule. Wa kwanza anamuumiza kwa kunyamaza, wa pili kwa kumdanganya. Na hapa Kivu, ambako familia nyingi zimehama mara mbili, mara tatu, zikiwa na wagonjwa wao mgongoni, huyo wa kwanza ndiye anayemfungulia wa pili mlango.

Jambo hili lisemwe wazi kwa sababu neno «oksijeni» linauzika kirahisi huku kwetu. Mkaaji wa Goma hahitaji kufundishwa thamani ya hewa. Anajua mazuku, ile hewa nzito inayolala mabondeni na kuua mbuzi na mtoto bila kelele. Familia zilizowahi kuwasha makala ndani ya hema lililofungwa wakati wa mvua zinajua namna kichwa kinavyozunguka mbele ya mtu kuanguka. Waliouguza ndugu zao wakati wa Korona wanakumbuka walivyotafuta chupa ya oksijeni toka hospitali moja hadi nyingine. Kwa hiyo mtu akija na kusema: «Kansere inaogopa oksijeni», hasikiki kama mwendawazimu. Anasikika kama mtu anayejua.

Chumba cha shinikizo ni nini, na kinatibu nini

Tiba yenyewe ipo, wala si uchawi. Waganga wanaiita kwa Kifaransa oxygénothérapie hyperbare. Kwa Kiswahili chepesi ni tiba ya oksijeni ya shinikizo. Mgonjwa anaingia ndani ya chumba kinachofungwa kabisa, hewa inasukumwa humo hadi shinikizo lifike mara mbili au mbili na nusu ya lile la kawaida, naye anavuta oksijeni tupu. Mtu aliyewahi kuzama chini kabisa katika ziwa Kivu anajua masikio yanavyobanwa. Ndani ya chumba hicho mtu anabanwa kama aliyezama mita 10 hadi 15. Anakaa humo karibu saa moja na nusu, kisha kesho yake anarudi. Kwa kawaida anarudi mara 30 hadi 40, siku tano kwa juma, maana yake ni majuma sita hadi nane.

Chumba hiki kinajulikana zaidi kwa wazamiaji wa baharini wanaopanda juu haraka mno, kwa watu waliovuta moshi wenye sumu, na kwa baadhi ya vidonda vya kisukari visivyopona. Kwa upande wa kansere, kuna mlango mmoja tu ambamo chumba hiki kinaingia kwa haki, nao ni majeraha yanayoletwa na tiba ya mionzi.

Mionzi inaunguza kansere, lakini inagusa pia nyama nzima iliyo karibu nayo. Mishipa midogo ya damu ya sehemu hiyo inakufa polepole. Miezi au hata miaka baadaye, wakati kansere imekwisha kuondoka, nyama inabaki bila damu ya kutosha, inakuwa ngumu, inauma, inatoka damu, haiponi. Mwanamke aliyetibiwa kansere ya titi anaona kifua kimekauka na bega halipandi. Aliyetibiwa kansere ya mlango wa kizazi anaona damu katika mkojo au katika choo kikubwa. Aliyepigwa mionzi mdomoni anaweza kung'olewa jino, na mfupa wa taya ukaanza kuoza. Oksijeni ya shinikizo inaingia katika damu kwa wingi kuliko kawaida, na wanaoitetea wanasema inaisaidia nyama hiyo kuota mishipa mipya.

Msikilizaji aangalie vizuri: hapo kansere haitibiwi. Linalotibiwa ni jeraha lililoachwa na dawa ya kansere. Tofauti hiyo ndogo ndiyo wauzaji wanaiiba.

Waganga wenyewe hawakubaliani

Katika nchi zenye vyumba hivi, waganga wamegawanyika, na ubishi wao unastahili heshima kwa sababu unasimama juu ya majaribio.

Wenye mashaka wanaonyesha Uingereza. Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya jaribio linaloitwa HOT2. Wagonjwa 84 walikuwa na matatizo ya matumbo yaliyoletwa na mionzi. Wengine walipewa oksijeni ya shinikizo la kweli, wengine waliingizwa chumbani bila kupewa tiba ya kweli, na mgonjwa hakujua yuko upande gani. Haikuonekana kwamba tiba hiyo iliwasaidia. Mwaka 2019 likafuata jingine, HOPON, lenye wagonjwa 144 waliowahi kupigwa mionzi na sasa walihitaji kung'olewa meno au kupasuliwa taya. Oksijeni haikuzuia mfupa kuoza kuliko utunzaji wa kawaida. Waganga waliokuwa wakiwatuma wagonjwa chumbani kwa mazoea walilazimika kujiuliza upya.

Wanaoiunga mkono wanaonyesha jaribio la RICH-ART, lililofanyika katika nchi za kaskazini mwa Ulaya na kutangazwa mwaka uleule wa 2019. Watu 87 walikuwa na kibofu kilichoharibiwa na mionzi: maumivu, damu, kwenda haja kila saa. Waliopata oksijeni ya shinikizo walipata nafuu kuliko wasioipata.

Kwa hiyo jibu la haki ni hili: kwa kibofu kuna ushahidi unaotia moyo, kwa matumbo na taya mashaka ni makubwa, na kwa kansere yenyewe tiba hii si dawa. Kuna muganga aliyesoma na bado ana mashaka, na kuna aliyesoma na anaamini. Wote wawili wanaweza kukaa na mgonjwa na kumweleza sababu zao. Asiyeweza kutetewa ni yule wa tatu, anayekaa kimya kwa kuwa amekwisha kuamua moyoni kwamba mgonjwa hatakubali, hataweza kulipa, au hatafahamu.

Wanawake 125 waliulizwa

Uholanzi ilitoa funzo juu ya jambo hilo. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya jaribio la HONEY, lililowahusu wanawake 189 waliopona kansere ya titi lakini wakabaki na madhara ya mionzi. Kwa bahati nasibu, 125 kati yao walipewa nafasi ya kuingia chumbani. Waliokubali na kumaliza ni 31 tu. Wengine 94 hawakuifuata tiba hiyo, na sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa kwamba ni nzito mno: kwenda na kurudi kila siku, majuma na majuma. Kwa wale waliomaliza, maumivu na ugumu wa nyama vilipungua.

Kuna watakaosoma hesabu hiyo na kusema: «Mnaona? Robo tatu hawakuitaka. Kwa nini kupoteza wakati kuwaambia?» Huko ni kusoma kinyume. Wanawake 94 walikataa kwa sababu waliulizwa. Walipima maumivu yao, kazi zao, watoto wao, safari yao, wakasema hapana. Na 31 walipima vilevile, wakasema ndiyo, na wengi wao wakafaidika. Kama waganga wangenyamaza kwa kudhani kwamba tiba ni nzito mno, 94 wangebaki walipo na wale 31 wangeendelea kuumwa bila kujua kwamba kuna njia. Hakuna muganga aliyeweza kutambua kwa macho nani ni wa 31 na nani ni wa 94. Kulikuwa na njia moja tu ya kujua, nayo ni kuuliza.

Uholanzi ni nchi tajiri. Barabara ni nzuri, bima inasaidia, hakuna anayevuka uwanja wa vita kwenda hospitali. Kama huko kuuliza kulikuwa na maana namna hiyo, hapa kuna maana mara kumi.

Wanaouza wanapata wapi nguvu

Muuzaji wa uongo anajenga nyumba yake kwa matofali ya kweli. Atasema kwamba mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1931, aligundua kwamba kansere haipendi oksijeni. Warburg aliona jambo jingine: kwamba seli ya kansere inaunguza sukari kwa namna yake hata pale ambapo oksijeni ipo tele. Maana yake ni kwamba kuiongezea oksijeni si kuiua. Atasema pia kwamba waganga wa London waliwatibu wagonjwa wa kansere ndani ya vyumba vya oksijeni tangu miaka ya 1950. Ni kweli, lakini walikuwa wakiwapiga mionzi wakiwa humo, kwa kuwa oksijeni inaipa mionzi nguvu zaidi. Kilichoua kansere ni mionzi. Na pamoja na nguvu hiyo majeraha yaliongezeka, ndiyo maana njia hiyo haikushika mizizi.

Mwaka 2013 idara ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa ilionya raia kwamba tiba ya oksijeni ya shinikizo haijakubaliwa kutibu kansere, ijapo kuna watu waliokuwa wakiitangaza hivyo. Na chumba chenyewe si mahali pa mchezo. Oksijeni nyingi na cheche moja vinatosha kuleta moto: mwishoni mwa Januari 2025, katika mji wa Troy, jimbo la Michigan, mtoto mdogo alikufa ndani ya chumba kilichowaka. Pale wanapokisimamia watu wenye ujuzi, madhara ya kawaida ni masikio kuuma, macho kupungua nguvu kwa muda, na hofu ya kufungiwa. Mtu mwenye pafu lililopasuka haruhusiwi kabisa kuingia.

Lakini mgonjwa wa Kivu hatauziwa chumba, maana chumba ni ghali hata kwa mwizi. Hatari yake iko karibu zaidi, katika famasi ya mtaani. Kuna maji yanayoitwa eau oxygénée, yale ya kusafishia vidonda, na jina lake tu linatosha kumdanganya mtu. Duniani kuna wanaofundisha wagonjwa wa kansere kuyanywa au kudungwa. Tangu mwaka 2006 idara ileile ya Marekani ilitoa onyo: kuyanywa yakiwa makali kunaunguza koo na tumbo, na kuyadunga kwenye mshipa kunaweza kuua. Maji hayo si oksijeni ya hospitali, na hayana kazi yoyote ndani ya tumbo la mgonjwa wa kansere.

Mgonjwa aliyeelezwa vizuri na muganga wake hawezi kuuziwa kitu hicho. Mgonjwa ambaye ametoka hospitalini na karatasi isiyosomeka, na neno moja tu, «Utarudi mwezi ujao», huyo yuko tayari kununua chochote.

Visingizio vinne

Ukimuuliza muganga kwa nini hasemi, majibu yanajulikana.

«Mgonjwa hatafahamu.» Mama aliyetoka Masisi na watoto watatu akafika Goma, akajua barabara ipi apite na ipi aache, akagawa kilo mbili za unga kwa siku sita, mama huyo anaweza kufahamu maneno haya: «Mionzi itaua kansere, lakini baada ya mwaka au miaka inaweza kukuletea damu katika mkojo, ukiiona, rudi.» Kama hakufahamu, basi tatizo ni Kifaransa kilichosemwa juu ya kichwa chake. Kiswahili kipo. Kinande, Kihunde, Kinyarwanda na Mashi vipo, na katika kila hospitali kuna muuguzi anayevisema.

«Tutamvunja moyo.» Kinyume chake ndicho kweli. Mwanamke asiyeambiwa lolote, siku anayoona damu anafikiri mambo mawili: kansere imerudi, au amelogwa. Jirani ataongeza la tatu, kwamba ana fistula, na atanong'onezwa mtaa mzima. Atajificha, na akijificha anakosa kupimwa. Na kupimwa ni lazima, kwa sababu wakati mwingine damu ni jeraha la mionzi, na wakati mwingine ni kansere iliyorudi kweli. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Hawakumtaja muganga anayeficha, lakini kilio ni kilekile.

«Hana pesa, kumwambia kutasaidia nini?» Hiki ndicho kibaya kuliko vyote, kwa kuwa kinavaa nguo ya huruma. Ni muganga kuingiza mkono mfukoni mwa maskini, kuhesabu makuta yake, na kumhukumu bila kumwita. Familia inaweza kuwa na mtoto Kampala, kanisa linaloweza kuchanga, shamba la kuuza, au isiwe na kitu kabisa. Ni familia inayojua, si muganga. Na hata ikiwa haina kitu, inabaki na faida moja: inajua kwamba anayeuza oksijeni sokoni ni mwongo. Ujuzi huo haugharimu hata franka moja.

«Hatuna wakati.» Hapa kuna ukweli, na haki inadai useme. Muganga mmoja anakabili mstari wa wagonjwa tangu asubuhi, umeme unakatika, mshahara unachelewa au haufiki, na kazi yake ya leo ni kutafuta oksijeni ya kawaida kwa mtoto mwenye nimonia, si kubishana juu ya vyumba vya Ulaya. Lakini maelezo ya dakika tano yanaweza kutolewa na muuguzi. Karatasi moja ya Kiswahili iliyobandikwa ukutani inaweza kuwasomea watu mia. Na mgonjwa aliyerudi akiwa amekwisha kunywa sumu anachukua wakati mwingi kuliko hizo dakika tano. Wanaopaswa kuulizwa juu ya wakati si waganga peke yao. Ni wakubwa wa zoni za afya na mashirika yanayozisaidia, wanaopanga mafunzo ya kila kitu isipokuwa namna ya kuongea na mgonjwa.

Chumba hakipo, dawa nyingine zipo

Kwa familia nyingi za Kivu, tiba ya mionzi yenyewe maana yake ni kuvuka mpaka: Kampala, katika taasisi ya kansere ya Mulago iliyoanzishwa mwaka 1967, au Kigali, ambako mionzi ilianza kutolewa katika hospitali ya kijeshi ya Kanombe mwaka 2019. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, njia ya angani kwenda Kinshasa ilikatika pia. Na hata ukifika, mashine ni chuma. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda iliharibika, na zaidi ya mwaka ulipita mpya ikianza kazi. Mgonjwa aliyeng'ang'ana mpaka akapata mionzi katika hali hiyo hastahili kurudi nyumbani na kuambiwa kwamba majeraha yake hayana dawa kwa kuwa chumba cha shinikizo kiko mbali.

Dawa zipo. Bega lililokauka baada ya kansere ya titi linasaidiwa na mazoezi ya kila siku, yanayofanyika hata ndani ya hema, bila mashine. Kibofu kinachotoka damu kinaweza kusafishwa hospitalini. Kwa damu ya choo kikubwa kuna dawa za kuingizwa kwa njia hiyohiyo. Upungufu wa damu unapimwa na kutibiwa. Mdomo uliopigwa mionzi unalindwa kwa kutunza meno mbele ya mionzi, si baada yake, na kwa kumwambia kila mng'oa meno: «Nilipigwa mionzi hapa.» Anayevuta sigara aache, kwa sababu moshi unaiba oksijeni ileile ambayo watu wanataka kuinunua.

Na kuna maumivu. Mtu anayelia usiku kucha atanunua chochote, kwa yeyote. Uganda ilionyesha njia: tangu mwaka 1993 shirika la Hospice Africa Uganda linawapa wagonjwa wa kansere morfini ya kunywa, ya maji, ya bei ndogo, na tangu mwaka 2004 sheria ya nchi hiyo inawaruhusu wauguzi waliofundishwa kuiandika. Hakuna chumba cha chuma kinachohitajika kwa jambo hilo. Kinachohitajika ni uamuzi. Kiongozi wa afya anayesema kwamba kansere ni ugonjwa wa matajiri ajibu kwanza swali hili: morfini ya maji iko wapi?

Karatasi ambayo familia zilizohama zinahitaji

Kuna jambo moja zaidi, dogo, ambalo kimya cha waganga kinaliharibu kila siku. Mwanamke anafika kituo cha afya na damu katika mkojo. Anayempokea hajui kwamba alipigwa mionzi, kwa sababu fishi yake ilibaki Sake, au iliungua, au haikutolewa kabisa. Anatibiwa maambukizi ya mkojo mara moja, mara mbili, mara tano. Mwezi Februari 2025 familia zilizokuwa katika makambi ya kandokando ya Goma, kama Bulengo na Lushagala, ziliondoka kwa siku chache tu. Katika kuondoka namna hiyo mtu anabeba mtoto na sufuria. Fishi ya hospitali haibebwi.

Kwa hiyo kila hospitali inayomtibu au kumtuma mgonjwa wa kansere ina deni la kumpa karatasi moja ya kwake, iliyoandikwa vizuri, yenye mambo haya: jina la kansere na mahali ilipokuwa, tarehe na hospitali ya tiba, mionzi ilipigwa wapi mwilini, mara ngapi na kwa kiasi gani, dawa za mshipa alizopewa, madhara yanayoweza kutokea baadaye, na dalili zinazomtaka arudi haraka. Karatasi hiyo ipigwe picha na kuwekwa katika simu mbili, ya mgonjwa na ya ndugu anayekaa mahali pengine. Atakapokimbia, historia yake itakimbia naye.

Hilo si ombi la huruma. Karatasi ni mali ya mgonjwa kama ilivyo damu yake.

Maswali ya kuuliza

Mgonjwa naye asikubali kutoka mikono mitupu. Kuuliza si ujinga wala si kumdharau muganga. Mbele ya tiba yoyote ya kansere, yeye au ndugu anayemsindikiza aulize: tiba hii inaua kansere, au inapunguza maumivu, au inatibu madhara ya tiba nyingine? Inaweza kuniharibu nini, leo na baada ya miaka? Kuna njia nyingine, hata kama iko mbali au ni ghali? Wagonjwa wangapi waliijaribu, na matokeo yaliandikwa wapi?

Maswali hayohayo yapelekwe kwa yule anayeuza. Muganga wa kweli anaweza kujibu, hata kama jibu lake ni «bado hatujui». Muuzaji wa oksijeni atabadilisha mazungumzo, atataja mtu aliyepona huko mbali, atasema dawa inakaribia kuisha, na mwishoni ataomba pesa.

Hospitali za Goma, Bukavu, Butembo na Uvira zina waganga hodari waliofanya kazi chini ya mabomu, na hakuna anayewanyima sifa hiyo. Lakini ushujaa wa kupasua haumwondolei mtu deni la kueleza. Wakubwa wa zoni za afya waitishe wauguzi na waganga wao, waweke maelezo ya kansere kwa Kiswahili katika kila kituo, waagize morfini ya kunywa, na waanze kutoa karatasi kwa kila mgonjwa. Mambo hayo manne hayasubiri amani irudi, wala hayasubiri chumba cha shinikizo kutoka Ulaya.